Oili inayong'aa baada ya injini kutengenezwa upya

SWALI: Ndugu mshauri, pokea salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Nina gari la zamani aina ya Toyota RAV4, lenye injini ya petroli ya 3S-FE, ambalo shemeji yangu huliendesha kwa kubeba bidhaa za duka langu na mara nyingine abiria wa kwenda Kavumu. Miezi michache iliyopita injini ilianza kugonga, na fundi alipoifumua akakuta beringi moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imesagika kabisa. Kranki, ule mti mkuu unaozungushwa na pistoni, ilichongwa, beringi zote zikabadilishwa, silinda zikachongwa upya na kuwekewa pistoni na ringi mpya. Baada ya kilomita kama 500 tulimwaga oili ya kwanza. Ilikuwa inang'aa juani kama rangi ya fedha, na chini ya beseni kulikuwa na vipande vidogo ambavyo mtu angeweza kuviokota kwa ncha ya kidole. Fundi wetu, ambaye ni jirani na mtu ninayemheshimu, anasema kila injini mpya hutoa chuma, kwa hiyo tuendelee na kazi. Shemeji anataka injini ifumuliwe tena kabla haijafa. Injini haigongi, na taa ya oili haiwaki. Nimsikilize nani?
Mama mwenye duka, Bukavu

JIBU: Mama, fundi wako amesema kweli kuhusu ule mng'ao, na shemeji yako ana haki ya kuogopa vile vipande. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ninyi mmeyaona katika beseni moja. Ninachokuomba ni kwamba gari lisibebe mzigo wala abiria mpaka chujio la oili lililotolewa siku ile lifunguliwe na kutazamwa, kwa maana jibu la swali lako limo ndani yake.

Nianze na mng'ao. Silinda iliyochongwa upya huachwa kwa makusudi na mikwaruzo midogo inayokatizana, ili ishike oili na ili ringi mpya zisuguane nayo mpaka zikae sawasawa. Ncha za mikwaruzo hiyo hukatika katika saa za mwanzo za kazi na kuingia katika oili zikiwa unga mwembamba mno. Jicho la mtu haliwezi kuona chembe moja moja iliyo ndogo kuliko takriban 0.04 mm, lakini chembe hizo zikiwa nyingi pamoja juani huonekana kama rangi ya fedha iliyokorogwa. Isitoshe, mafundi wengi hupaka beringi na kemu (miti inayofungua vali) grisi nyeusi ya kuunganishia injini yenye molibdeni, nayo ikichanganyika na oili huipa mng'ao wa kijivu ambao si wa chuma cha injini hata kidogo. Chujio la kawaida haliwezi kukamata unga wote huo, na ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema. Binafsi ningeimwaga kabla ya kilomita 500, maana oili ya lita chache ni rahisi mno ukilinganisha na kranki.

Vipande vinavyookoteka kwa kidole havitokani na ringi kukaa sawasawa. Vinaweza kuwa mabaki ya uchongaji ambayo hayakuoshwa vizuri, na hayo yakishatoka yametoka. Vinaweza pia kuwa vinamomonyoka sasa hivi kutoka sehemu inayosagika, na hivyo havitakoma. Kwa kutazama beseni peke yake hatuwezi kuvitenganisha.

Ikiwa chujio halijatupwa, fundi alifungue mbele yako. Asitumie msumeno wa chuma, kwa sababu msumeno utamwaga unga wake mwenyewe ndani na kuharibu ushahidi wote. Akate mdomo wa kopo kwa patasi kali au kwa kikatio cha mabomba. Karatasi ya ndani ikatwe kwa kisu, ikamuliwe katika jiliwa ikiwa imefungwa kwa kitambaa safi, kisha itandazwe juani mkunjo kwa mkunjo. Baadaye isuuzwe kwa petroli kidogo katika beseni jeupe, mahali penye hewa na mbali kabisa na moto au sigara. Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uifunge ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na kuipitisha polepole katika masazo yale. Ukigeuza mfuko nje ndani, vyote vilivyonaswa vitabaki ndani yake, na unaweza kuvimwaga juu ya karatasi nyeupe uvitazame.

Vinavyonasa katika sumaku ni chuma cha ringi, kranki, kemu au silinda. Unga mwororo unaosimama kama manyoya juu ya sumaku ni wa kawaida kwa oili ya kwanza. Visivyonasa ndivyo vya kuogopwa zaidi. Alumini hutoka kwenye pistoni, au kwenye kichwa cha silinda, kwa kuwa katika injini ya 3S-FE kemu zote mbili huzunguka moja kwa moja juu ya alumini ya kichwa hicho. Vijipande bapa vya kijivu king'avu ambavyo ukivibonyeza kwa ukucha vinalainika na kutanuka ni ngozi ya juu ya beringi. Vikiwa na rangi ya shaba, maana yake ngozi hiyo imekwisha na beringi imefikia tabaka la chini. Hapa watu wengi hukosea: wakikosa kuona rangi ya shaba, hudhani beringi ziko salama. Beringi nyingi za magari ya Kijapani zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na bati, hazina tabaka la shaba, na zinaweza kusagika mpaka mwisho bila kuonyesha rangi hiyo hata mara moja.

Sasa nirudi kwenye jambo uliloligusa kwa sentensi moja tu katika barua yako, ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote: injini hii ilifumuliwa kwa sababu beringi ilisagika. Beringi inaposagika, vumbi lake halibaki mahali pamoja. Husukumwa na pampu ya oili katika kila njia ambayo oili hupita: ndani ya mishipa iliyotobolewa katika bloku (mwili wa injini wenye silinda), ndani ya pampu yenyewe, katika chekeche ya kunyonyea oili, na juu ya yote ndani ya matundu ya kranki. Kisha kranki ikapelekwa kuchongwa, na uchongaji ukaongeza vumbi la jiwe la kusagia juu ya vumbi la zamani. Kranki hiyo ikirudishwa bila matundu yake kusafishwa kwa brashi nyembamba na dawa ya kuondolea mafuta, oili ya kwanza itakayopita itabeba uchafu wote na kuupeleka moja kwa moja katikati ya beringi mpya. Nafasi iliyopo kati ya beringi ya konrodi na kranki katika injini kama yako ni takriban 0.02 hadi 0.06 mm. Punje moja ngumu inatosha kuikwaruza.

Kwa hiyo mwulize fundi wako, kwa adabu na bila kumshitaki, mambo haya. Je, vizibo vya mishipa ya oili katika bloku vilitolewa kabla ya kuoshwa, au bloku ilimwagiwa petroli tu kwa nje? Je, silinda zilioshwa kwa maji ya moto na sabuni baada ya kuchongwa? Petroli na dizeli huondoa mafuta, lakini haziondoi punje za jiwe zilizojichimbia katika mikwaruzo. Maji ya moto, sabuni na brashi ndivyo vinavyoziondoa, na kazi huwa imekwisha pale kitambaa cheupe kilichopakwa oili safi kinapopita ndani ya silinda na kutoka bila alama ya kijivu. Je, pampu ya oili ilifunguliwa, au ilirudishwa ile ile iliyomeza vumbi la beringi ya kwanza? Fundi aliyefanya mambo hayo atayaeleza kwa furaha, kwa sababu ni kazi ya jasho ambayo wateja huwa hawaioni.

Kuhusu taa ya oili, tafadhali msiitegemee. Taa hiyo huwaka wakati presha imeanguka karibu na sifuri, na kwa wakati huo beringi huwa imekwisha kuumia. Fundi aondoe kihisi cha taa, aweke mahali pake geji ya presha yenye mshale, kisha apime injini ikiwa imepata moto kamili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya 3S-FE inapaswa kuonyesha kati ya bar 2.5 na 5. Ikiwa mmeweka oili nzito ya 20W-50, kumbukeni kwamba oili nzito hupandisha presha na inaweza kuficha beringi iliyolegea. Kipimo kizuri kwa oili ya namna hiyo hakitoshi kuondoa shaka.

Ikiwa chujio lilikuwa na unga tu, na presha ni nzuri, weka oili mpya na chujio jipya la kuaminika, kisha shemeji aliendeshe gari tupu kwa kilomita kama 100. Asiliache likinguruma bila mwendo kwa muda mrefu, wala asilisukume kwa gia kubwa katika milima ya mjini kwetu. Apande kwa gia ndogo, abadilishe mwendo mara kwa mara, na barabara ya kwenda Kavumu inafaa kuliko msongamano wa sokoni. Njiani atazame pia kama mpira unaotoka katika chujio la hewa umekazwa, kwa sababu vumbi letu likipita hapo litasaga ringi mpya bila kutoa onyo lolote. Baada ya hapo mfungue chujio hilo jipya kama mlivyofungua la kwanza. Chembe zikiwa zimepungua waziwazi, endeleeni na kazi, na mrudie uchunguzi katika umwagaji wa oili unaofuata.

Chembe zikiwa zile zile au zikiwa zimeongezeka, au chujio la kwanza likiwa tayari lina vijipande bapa visivyonasa katika sumaku, simamisheni gari siku hiyo hiyo. Hata hapo sioni sababu ya kuifumua injini yote kama anavyotaka shemeji. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ishushwe, chekeche itazamwe, na kofia za konrodi zifunguliwe moja moja, kuanzia ile ambayo beringi yake ilisagika mara ya kwanza. Beringi yenye afya ina rangi moja ya kijivu isiyong'aa. Yenye mikwaruzo ya mviringo imepitiwa na uchafu. Iliyong'aa upande mmoja tu huonyesha kwamba konrodi imepinda au kranki haikuchongwa sawa. Kabla ya kufunga, nafasi ipimwe kwa ule uzi mwembamba wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na kranki, usomwe upana wake baada ya kubanwa. Beringi zikibadilishwa bila njia za oili kusafishwa, mtakuwa mmenunua beringi za kusagwa kwa mara ya tatu.

Kama chujio la kwanza lilikwisha kutupwa, anzeni na geji ya presha, kisha mfanye ile safari ya gari tupu ikiwa tu presha ni nzuri, lakini isizidi kilomita 30 kabla ya kufungua chujio. Na vipande vile vya beseni, ikiwa bado vipo, vifungeni katika karatasi safi mkampe fundi avipitishe sumaku. Nina imani kwamba mtu unayemheshimu hivyo atapenda kuviona mwenyewe.

SWALI: Niliona chembe kama hizo katika oili ya gari langu, na rafiki akanishauri nijaze dizeli badala ya oili, niiache injini ingurume dakika kumi, kisha nimwage ili uchafu wote utoke. Je, nifanye hivyo?
Dereva, Goma

JIBU: Usifanye hivyo. Dizeli ni nyepesi mno kuweza kutenganisha kranki na beringi zake, na katika dakika hizo kumi injini itasuguana chuma kwa chuma huku uchafu uliokuwa umetulia chini ya sampu ukiamshwa na kunyonywa na pampu. Oili safi ya kawaida, iliyomwagwa ikiwa ya moto baada ya mwendo mfupi, pamoja na chujio jipya, itatoa kila kinachoweza kutoka bila kufungua injini. Kitakachobaki baada ya hapo kinahitaji sampu kushushwa na chekeche kuoshwa kwa mkono.