Siku mbili kabla ya pepa ya hisabati za maamuzi: funga desa, shika peni

Juzi usiku mdogo wangu mmoja anayesoma chuo hapa Dodoma alinipigia simu sauti imemkauka kabisa, ananiambia kaka kesho kutwa saa mbili asubuhi nina pepa ya OR, yaani hizi hisabati za maamuzi, na hapa nilipo sijui nianzie wapi, desa lina kurasa mia na kitu nimelisoma mara mbili ila nikikaa mbele ya swali mkono hausogei. Nikamwambia tulia, wewe unalijua hilo somo kuliko unavyodhani, shida yako umelisoma kama unavyosoma historia. Tukaongea karibu saa nzima. Baadaye nikaona niyaandike yale yale hapa maana najua kipindi hiki cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, yupo mwingine geto kwake, upepo wa Dodoma unapiga dirisha, anasoma ukurasa uleule kwa mara ya nne.

Nayajua haya kwa sababu mwaka wa pili nilikamata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo hili hili. Na sikuwa mvivu, nilipiga msuli wiki nzima, nilikuwa naweza kukusimulia kila algorithimu, yaani kila mpangilio wa hatua, inafanyaje kazi, Kruskal anaanza na mstari mfupi kuliko yote, Prim anaanza na nodi moja, yaani kituo kimoja kwenye mchoro, anapanua, yote kichwani. Nikaingia chumba cha mtihani nimekesha, mkono unatetemeka, na nikatoka nikiwa na uhakika nimefaulu kwa sababu majibu ya mwisho niliyalinganisha na wenzangu pale nje na mengi yalifanana. Matokeo yalipobandikwa nikaenda kwa mwalimu wangu. Akafungua karatasi yangu swali la njia fupi, akaweka kidole kwenye jibu langu, akaniuliza, "Kijana, hii namba umeitoa wapi?" Nikamwambia nimekokotoa, madam. Akasema, "Sioni ulivyokokotoa. Naona umefuta."

Hapo ndipo nilipoelewa hili somo linataka nini. Kwenye hisabati nyingine unatafuta jibu, huku jibu mara nyingi hata mtoto anaweza kuliona kwa macho maana mchoro wenyewe una nodi sita tu. Kinachopimwa ni kama umefuata hatua kama mashine inavyofuata, bila kuruka, na kila hatua imeacha alama kwenye karatasi. Kwa hiyo siku mbili za mwisho ukizitumia kusoma umezipoteza. Zitumie kuandika.

Nikuonyeshe ninachomaanisha, na fanya na mimi sasa hivi chukua karatasi. Tuseme unatoka Chang'ombe unaenda stendi kuu Nzuguni kwa bodaboda, dakika nimezitunga mimi kwa ajili ya zoezi usije ukagombana na dereva. Chang'ombe hadi Majengo 8, Chang'ombe hadi Makole 15, Majengo hadi Makole 4, Majengo hadi Kisasa 17, Makole hadi Kisasa 9, Majengo hadi Nzuguni moja kwa moja 24, Kisasa hadi Nzuguni 7. Ipi njia fupi?

Tumia Dijkstra, algorithimu ya kutafuta njia fupi. Chang'ombe andika 0, ifungie, yaani namba yake haibadiliki tena. Kutoka hapo Majengo inapata 8, Makole inapata 15. Ndogo kuliko zote ambazo hazijafungwa ni 8, funga Majengo. Sasa simama Majengo uangalie majirani: Makole kupitia hapa ni 8 na 4, yaani 12, ni ndogo kuliko 15 iliyokuwepo, kwa hiyo kata 15 kwa mstari MMOJA na uandike 12 pembeni yake. Kisasa inapata 25, Nzuguni inapata 32. Funga Makole kwa 12. Kutoka Makole, Kisasa inakuwa 21, kata 25. Funga Kisasa. Kutoka Kisasa, Nzuguni inakuwa 28, kata 32. Funga Nzuguni, umemaliza, dakika 28.

Sasa angalia karatasi yako. Makole lazima ionekane 15 halafu 12, Kisasa 25 halafu 21, Nzuguni 32 halafu 28, na pembeni ya kila nodi iandikwe ilifungwa ya ngapi. Zile namba zilizokatwa ndizo zenye maksi! Mimi nilikuwa nazifuta kwa rababa ili karatasi ipendeze, nikawa nimefuta maksi zangu kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu njia yenyewe unaipata kwa kurudi nyuma, 28 toa 7 ni 21 hiyo ni Kisasa, 21 toa 9 ni 12 Makole, 12 toa 4 ni 8 Majengo, 8 toa 8 ni 0 umefika Chang'ombe. Andika hizo toa-toa, usiandike njia tu.

Huyu Dijkstra mwenyewe alieleza kwamba aliipata hii mwaka 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake wanakunywa kahawa, kama dakika ishirini hivi, bila peni wala karatasi, akaja kuichapisha 1959. Nampenda sana kwa hilo. Lakini yeye alikuwa anaibuni, wewe unasahihishwa, na msahihishaji haoni kichwani mwako.

Basi jioni ya kwanza fanya hivi, chukua pasti pepa za miaka mitatu minne, usizisome kama madesa, andika tu pembeni kila swali ni la aina gani. Utaona aina ni chache na zinajirudia, kinachobadilika ni namba na hadithi. Halafu kila aina fanya swali moja kwa mkono mwanzo mpaka mwisho bila kuchungulia majibu. Moja tu. Ukikwama weka alama ya mahali ulipokwama kisha ndipo ufungue desa, soma mistari ile ile inayohusu pale, funga tena, rudia swali LOTE upya kutoka mwanzo. Hapo kwenye kurudia ndipo mkono unaposhika njia, kusoma majibu ya mwenzako kwenye diskasheni ukatikisa kichwa kwamba umeelewa hakukusaidii kitu chumba cha mtihani.

Kruskal na Prim, zile algorithimu mbili za kuunganisha nodi zote kwa jumla ndogo kabisa ya mistari, ni maksi za haraka, usizipoteze. Nodi zikiwa nane mistari yako lazima iwe saba, hesabu kabla hujaendelea. Kwa Kruskal ule mstari unaoukataa kwa sababu unafunga duara uandike pia, "nimeukataa", watu wanauruka kimya kimya na msahihishaji hajui uliuona au ulikupita tu. Kwa Prim orodhesha mistari kwa mpangilio ulioichagua, usiipange upya kwa ukubwa maana ukiipanga hivyo inaonekana umefanya Kruskal.

Swali la mtu wa posta, lile la kupita barabara zote na kurudi ulipoanzia, kwanza hesabu kila nodi ina mistari mingapi. Nodi zenye idadi isiyogawanyika kwa mbili daima zitakuwa shufwa kwa idadi, yaani mbili au nne au sita, ukipata tatu umehesabu vibaya rudi. Zikiwa nne kuna namna tatu za kuziunganisha mbili mbili, andika zote tatu na jumla zake hata kama ya kwanza umeshaona ndiyo ndogo. Watu wanaandika moja.

Ratiba ya mradi, ile ya kritiko pathi, yaani mfululizo wa shughuli ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa, mimi nilikuwa nachanganya kwenda na kurudi. Ukienda mbele, shughuli mbili zikikutana chukua KUBWA, kwa sababu fundi hawezi kupaua mpaka kuta zote zimeisha, anamsubiri aliyechelewa. Ukirudi nyuma chukua NDOGO. Niliwaza fundi anayesubiri ukuta na sijachanganya tena. Muda wa ziada wa shughuli ni muda wa mwisho wa kumaliza, toa urefu wa shughuli, toa muda wa mapema wa kuanza, na uonyeshe hizo namba tatu.

Ila pale wengi wanapoumia ni lineya programingi, ile ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa chini ya masharti, na inashangaza kwa sababu tumeanza nayo tangu fomu foo. Kuchora wanajua, wanakosea kwenye kutafsiri sentensi. Mfano, mkulima wa Kongwa ana heka x za alizeti na heka y za mtama, swali linasema alizeti isizidi mara mbili ya mtama. Nusu ya darasa wataandika 2x haizidi y, kwa sababu "mara mbili" iko karibu na neno alizeti. Jaribu na namba kabla hujachora: heka 2 za alizeti na heka 1 ya mtama, inaruhusiwa kwa mujibu wa sentensi? Ndiyo. Weka kwenye ulichoandika, 4 haizidi 1, uongo. Basi umekosea, sahihi ni x haizidi 2y. Sekunde kumi tu hizo na zinaokoa swali zima, maana sharti moja likikosewa mchoro wote unaharibika, na kona zote, na jibu. Na usisahau x na y haziwi chini ya sifuri, hayo ni masharti pia yanahesabiwa. Mstari wa faida uchore, weka rula juu yake uisogeze polepole bila kuigeuza mpaka kona ya mwisho ya eneo linalokubali masharti yote.

Kwenye usafirishaji, tuseme unatoa mahindi maghala matatu kwenda masoko matatu, kwanza angalia jumla ya mzigo na jumla ya mahitaji kama zinalingana, zisipolingana ongeza dami, yaani ghala au soko la kubuni la kusawazisha. Ukimaliza hesabu viboksi vya jedwali vyenye mzigo, matatu kwa matatu vinatakiwa vitano.

Simpleksi, ile njia ya majedwali ya lineya programingi, kama ulikuwa unaiweza, fanya jedwali moja ukague pivoti, namba unayotumia kubadilisha jedwali. Kama hukuwahi kuielewa na zimebaki siku mbili mimi nakushauri uiache, ndiyo, iache. Jedwali moja likikosewa linakula dakika arobaini na inakuachia hofu ya kwenda nayo kwenye maswali ambayo ungeyapata. Najua kuna walimu hawatapenda nisemavyo lakini nimewafundisha wadogo zangu kadhaa baada ya sapu yangu na kila aliyeng'ang'ania simpleksi usiku wa mwisho alikosea hata Kruskal asubuhi.

Usiku wa mwisho saa nne funga. Kula kitu cha kueleweka, wali maharage, chapati, sio chai tupu. Andaa rula, penseli mbili, peni, kalkuleta yenye betri nzima, kitambulisho, kisha lala. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi Dodoma kuna baridi, vaa sweta maana vidole vikiwa vya baridi mistari inapinda na huu ni mtihani wa kuchora.

Kwenye sapu yangu nililala saa tano. Swali la kwanza lilikuwa Dijkstra, nodi nane. Nodi moja ilibadilika namba mara tatu, nikakata ya kwanza kwa mstari mmoja, nikakata ya pili kwa mstari mmoja, na rababa niliiacha mfukoni mpaka natoka.