Jibu kwa fundi wa Masasi: kitufe kimoja kinawasha TV, kinazima king'amuzi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema unafunga nyumba ya mkulima wa korosho hapo Masasi: TV sebuleni, projekta chumba cha juu, spika barazani na vyumba viwili, ampu (kikuza sauti) moja, king'amuzi kimoja. Vyote kanunua mwenyewe Kariakoo, kila msimu kitu chake. Sasa anataka rimoti moja au simu iendeshe kila kitu. Wiki ya pili hii hujamaliza, mwenye nyumba ameanza kununa, na unauliza kama kosa ni lako au ni la vifaa.

Mimi nipo Mtwara, kazi hii nina miaka kumi na moja nayo, nafunga kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini. Kwa ulivyoeleza, kosa kubwa ni la vifaa. Kuna vifaa vimetengenezwa kwa kumfikiria fundi atakayeviunganisha na vingine, na kuna vifaa vimetengenezwa kana kwamba vitaishi peke yao maisha yao yote. Hivyo vya pili ndivyo vinavyotunyima usingizi, na picha yake inaweza kuwa nzuri kuliko ya vile vya kwanza.

Nikupe kisa kimoja. Mama mmoja wa Lindi nilimfungia sebule, TV, ampu na king'amuzi, nikamwekea kitufe kimoja: "Tazama TV". Ukibonyeza, vitatu vyote vinawaka, sauti inakwenda kwenye ampu, basi. Nilijaribu mara ishirini, kikakubali mara ishirini. Nikarudi Mtwara. Siku ya nne simu: "Fundi mwanangu, hiki kitufe chako kila nikikibonyeza mmoja anaamka mwingine analala."

Umeme ulikuwa umekatika usiku. Uliporudi, king'amuzi kikajiwasha chenyewe, TV ikabaki imelala na taa yake nyekundu, ampu ikarudi ilivyokuwa. Asubuhi mama akabonyeza. Rimoti ikatuma amri ya "pawa" kwa wote watatu. TV ikaamka, king'amuzi kilichokuwa macho kikalala. Akabonyeza tena, ikawa kinyume chake. Angeweza kubonyeza mpaka Idi, wale wasingekutana. Na mimi nikapanda gari kilomita 100 na ushee kwenda kubonyeza kitufe kimoja kwa mkono. Mara tatu ndani ya mwezi. Nauli yangu, muda wangu, na aibu ya mama yule mbele ya wageni wake.

Mzizi wa tatizo upo hapo. Rimoti nyingi zina amri moja ya umeme, na amri hiyo ni ya kugeuza: kama kimewaka zima, kama kimezimwa washa. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi anaona taa, haina shida. Kwa mfumo usioona, ni kubahatisha. Fundi anahitaji amri mbili mbalimbali, ya kuwasha peke yake na ya kuzima peke yake. Ukituma "washa" kwa kitu kilichowaka, kibaki kimewaka. Kwa mtengenezaji hiyo ni kazi ndogo ya programu, haiongezi hata waya mmoja ndani ya kifaa.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba vifaa vingi vina amri hizo, ila zimefichwa. Haziko kwenye rimoti iliyokuja na boksi. Zipo kwenye jedwali la mtengenezaji ambalo hupewi mpaka ujaze fomu, au hupewi kabisa. TV ya mama wa Lindi ilikuwa nazo. Nilizipata baada ya kuhangaika usiku kucha, nikaifundisha rimoti, TV ikatulia.

King'amuzi hakikuwa nazo. Kwa hicho nikatumia ujanja ambao nakushauri uujaribu leo leo: kizime kwa rimoti yake, kisha bonyeza namba yoyote ya chaneli. Vingi vinaamka kwa namba, na namba haiwezi kukilaza kikiwa macho. Umepata "washa" yako. Kukizima ndiyo kazi, hivyo mimi huacha kiwake muda wote nikazima TV na ampu tu. Mwenye nyumba umweleze mapema, asije akadhani umesahau.

Jambo la pili lenye uzito uleule ni kujibu. Infraredi ya rimoti ni mwanga wa upande mmoja: unatuma, hujui kama umepokelewa. Mtu akipita mbele, amri imepotea na mfumo hauna habari. Kifaa kizuri kinajibu, na kinasema chenyewe hali yake inapobadilika. Mfano ambao ningependa kila kiwanda kiuige ni projekta. Chama cha viwanda cha Japani, JBMIA, kiliweka lugha moja ya projekta inayoitwa PJLink, na projekta nyingi za ofisini na za madarasani zinaielewa, kampuni yoyote. Unaifikia kwa mtandao kwenye poti 4352, yaani namba ya mlango wa kuingilia. Unaiuliza hali ya umeme, inakujibu kwa namba: 0 nimezimwa, 1 ninawaka, 2 ninapoa, 3 ndiyo kwanza napasha taa. Hiyo namba 2 ni dhahabu. Projekta ya taa ikiwa inapoa haikubali kuwashwa, na usipojua hilo utatuma amri mara kumi na kudhani imekufa. Ikikuambia "napoa", unasubiri, kisha unaiwasha. Angalia projekta ya mteja wako, pengine inayo na hakuna aliyekuambia.

Kwenye ampu, nazisifu Denon na Marantz kwa sababu amri zao zimeandikwa waziwazi na ni maneno ya kusomeka. Unaingia kwa mtandao poti 23, unaandika PWON inawaka, PWSTANDBY inalala, MV50 sauti inakwenda 50. Ukiandika PW na alama ya kuuliza inakujibu. Na mtoto akienda kuzungusha kitasa kwa mkono, ampu yenyewe inatuma namba mpya ya sauti, kioo cha simu kinafuata. Nilipoifunga mara ya kwanza nilikaa sakafuni nikawa nazungusha kile kitasa na kutazama namba ikipanda kwenye kompyuta. Saa moja na nusu nilikuwa nimemaliza kazi ambayo kwa ampu nyingine ilinila siku tatu. Kumbuka tu kwenye menyu ya mtandao kuiruhusu ibaki macho hata ikizimwa, la sivyo ikilala haisikii kitu. Na TV nyingi zina setingi kama hiyo, imefichwa mbali, imezimwa tangu kiwandani.

Ukikuta tundu la RS-232, lile la amri lenye pini tisa, nyuma ya kifaa usilidharau kwa kuwa ni la kizamani. Waya tatu tu: kutuma, kupokea na athi. Kutuma kwa huyu kunaingia kupokea kwa yule, hapo ndipo wengi wanapokosea. Spidi mara nyingi ni 9600. Mtandao ukiyumba, ruta ikibadilishwa, lenyewe halina habari. Mwisho wake mita 15 hivi, kwa hiyo kontrola, kile kisanduku kinachotuma amri, iwe kabati moja na kifaa.

Sasa kuhusu intaneti, na hapa naomba vijana wanaoanza wasikilize. Siku hizi kuna spika na TV ambazo simu haiongei nazo moja kwa moja. Amri inatoka kwenye simu, inakwenda seva ya mtengenezaji ng'ambo, inarudi kwenye spika iliyopo hatua mbili kutoka ulipokaa. Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kilipita tarehe 4, barabara ya Dar kuja Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, mizigo haipiti. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Nyumba moja ya Shangani, hapa Mtwara, spika zake zilikuwa za namna hiyo. Zina umeme, zina Wi-Fi ya ndani, muziki upo kwenye diski ya nyumbani, na mwenye nyumba hakuweza kupunguza sauti kutoka kwenye simu. Tangu siku hiyo sifungi kifaa kisichopokea amri ndani ya nyumba bila kutoka nje. Intaneti iwe nyongeza, isiwe roho ya mfumo.

Na kuna masasisho. Unafunga leo, kinafanya kazi, miezi sita mbele kifaa kinajisasisha usiku, amri zimebadilika au mlango umefungwa. Mtengenezaji anayemjali fundi anatangaza mapema, na anaacha amri za zamani ziendelee kueleweka. Mimi huzima sasisho la moja kwa moja popote setingi inaporuhusu, nikipita kwa mteja nasasisha mwenyewe nikiwa nimesimama hapo.

Mwaka jana wakala mmoja wa Dar anayeleta ampu aliniuliza, kiwanda chake kikitaka kutusaidia sisi mafundi wa mikoani kianze na nini. Nilimwandikia ukurasa mzima. Cha kwanza kilikuwa hicho cha washa na zima. Cha pili, umeme ukirudi kifaa kirudi kwenye hali ambayo fundi ameichagua: kiwake, kilale, au kibaki kilivyokuwa. Kwa kusini yetu hiki ningekiweka sawa na cha kwanza.

Cha tatu ni mgongo wa kifaa. Nikiwa nimelala ubavu nyuma ya kabati na tochi mdomoni, siwezi kusoma herufi za kijivu juu ya rangi nyeusi. Maandishi yawe meupe, na yaandikwe mara mbili, juu ya tundu na chini yake kwa kupinduliwa, kwa sababu sisi tunachungulia kutoka juu. Kuna kampuni zinafanya hivyo tayari na Mungu awabariki. Namba ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, iwe nje ya boksi na mbele ya kifaa, nikiifungia anwani kwenye ruta nisilazimike kuchomoa ampu ya kilo kumi na tano. Ruta ikigawa anwani upya baada ya umeme kukatika, mfumo mzima unatafutana, kwa hiyo hilo la kufunga anwani usiliruke.

HDMI, ule waya wa picha na sauti, nayo ilizaliwa 2002 bila hata skrubu ya kuishika. Kwenye nyumba za pwani, chumvi ya hewa inatafuna meno ya waya, waya wenyewe unaning'inia, kidogo kidogo unalegea. Masasi mko bara, hilo la chumvi halikuhusu sana. Vumbi linakuhusu. Na mijusi: kile kitundu cha hewa kikiwa kikubwa, mjusi ataingia kwenye ampu kutafuta joto na atakufa juu ya bodi. Nimefungua nne za namna hiyo.

Cha mwisho nilichomwandikia ni setingi zihifadhike kwenye faili. Ampu ikiungua kwa umeme mkubwa, niweke nyingine, nipakie faili, nimalize. Sasa hivi naanza upya kila spika, kila umbali, kila jina la tundu.

Turudi kwa mkulima wako. Usimwambie anunue vyote upya, hata kama ungependa. TV, itafutie amri mbili za umeme. Ukizikosa, kuna njia: chomeka waya kwenye tundu la USB la TV na upime. TV nyingi zinatoa volti 5 zikiwaka na zinakata zikilala. Izime TV upime tena, kwa sababu zipo zinazoacha tundu lina umeme muda wote na hizo hazikufai. Ikikata vizuri, zile volti 5 zipeleke kwenye kontrola, sasa mfumo una jicho: TV ikiwa macho hautumi amri. Hiyo imeniokoa nyumba nyingi. King'amuzi, jaribu namba. Projekta, tafuta PJLink kwenye menyu ya mtandao. HDMI ya kwenda chumba cha juu usiivute ndefu, tumia jozi ya HDBaseT, visanduku viwili vya kupeleka picha, kimoja kila upande; zipo zinazofika mita 100 kwa waya wa data, ila waya uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini uliopakwa shaba umejaa madukani na unauzwa kwa jina lilelile. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Inabaki ampu, na hiyo siwezi kusema kitu kabla ya kuiona. Kesho mchana kukiwa na mwanga, ivute mbele, piga picha ya mgongo wote na nyingine ya kibandiko cha modeli, weka hapa. Kama ina tundu la mtandao au lile la pini tisa, nitakuchorea waya upi uende wapi usiku huohuo.