Nimehukumiwa kwa kuendesha gari nimelewa, chuo kitanifukuza?

*Shikamoo shangazi. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma, nasoma ualimu wa sayansi. Mwezi uliopita kulikuwa na sherehe ya mshikaji wangu Area D, nikaazima IST ya mjomba, nikanywa mvinyo wa zabibu glasi kadhaa nikajiona niko poa tu. Wakati wa kurudi trafiki wakanisimamisha wakanipulizisha kile kipimo, kikasoma juu. Nikalala kituoni, nikapelekwa mahakamani nikakiri, nikapigwa faini na leseni ikafungiwa. Faini nimelipa kwa hela ya boom, ile ya mkopo wa chuo. Nyumbani Kondoa hawajui, chuoni hawajui, na UE, mitihani ya mwisho wa semesta, ndo hiyo inakuja, nikifungua daftari naona kama kesho naitwa ofisini nifukuzwe. Je watanifukuza? Bodi watakata mkopo? Na ualimu ndo basi tena?*
*— Mwaka wa Pili, Makulu*

Marahaba mwanangu. Kwanza nashukuru uko hai na hukumgonga mtu, mana barua kama yako huwa nyingine zinaandikwa na ndugu wa marehemu. Hilo nimelisema, silirudii, sasa tuongelee masomo.

Kesi yako imeisha. Umehukumiwa, faini umelipa, kilichobaki ni leseni. Sasa hivi kinachoweza kukutoa chuoni ni huko kujificha kwako, na nimeona vijana wengi wanaanguka hapo hapo, mtu kesi yake ndogo tu lakini anaogopa kukutana na macho ya watu, anaacha kuingia darasani, kozi weki inapotea, siku ya UE anazima simu anabaki geto amelala. Vyuo vyetu vingi mtu asipotokea kwenye mtihani bila ruhusa wanamhesabu katoroka, na kutoroka mtihani adhabu yake ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Hapo atasema kafukuzwa kwa sababu ya pombe wakati kafukuzwa kwa kutofika mtihani.

Kuhusu kufukuzwa, tafuta sheria ndogo za wanafunzi za chuo chako, kale kajitabu mlichopewa wiki ya kwanza mkakatupa chini ya godoro, soma sehemu ya makosa ya jinai na makosa yaliyofanyika nje ya chuo. Kila chuo kina zake ndo mana siwezi kukuapia. Angalia hasa kama zinamtaka mwanafunzi aliyehukumiwa atoe taarifa, kama zinataka basi toa leo. Na hata wakikuita kamati ya nidhamu, hawawezi kukuadhibu bila kukusikiliza, haki ya kusikilizwa iko kwenye Katiba ibara ya 13(6)(a), kwahiyo ukiitwa nenda, ongea, usikimbie kikao.

Mi ningekuwa wewe nisingesubiri kuitwa. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na barua fupi. Jina, namba ya usajili, kozi, tarehe ya kosa, mahakama iliamua nini, faini imelipwa, unaomba ushauri na unaahidi kuendelea na masomo. Basi. Usiandike hadithi ya rafiki zako walivyokushawishi. Ambatanisha nakala ya hukumu na risiti ya malipo, na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokelewa, hiyo nakala itunze mpaka umalize chuo, ni karatasi ambayo siku moja mtu atakwambia "hukutoa taarifa" na wewe utaitoa kwenye bahasha. Ukiona kweli akili haijatulia kufanya mtihani, omba kuahirisha KABLA ya mtihani, kwa maandishi na kwa sababu. Ukishakosa ndo ukaomba, unakuwa unaomba huruma tu.

Bodi ya Mikopo: hela yao inafuata usajili na matokeo yako. Ukiwa umesajiliwa na unaendelea, faini ya barabarani sioni itakukatiaje mkopo. Ila ukidisko boom linakata, na kile ulichokwisha kukopa bado unadaiwa, unatoka huna digrii na deni unalo. Hilo ndo la kuogopa. Na kwa kuwa boom umelimalizia kwenye faini, naomba usijifanye jasiri ukakaa na njaa mpaka mwisho wa semesta, mwambie mzazi. Najua Kondoa kutakuwaka moto siku hiyo. Lakini mjomba mwenye IST anajua, na jambo ambalo mjomba analijua mama atalijua tu, bora alisikie kwako.

Ualimu haujaisha. Ila kuanzia sasa ukikuta fomu inauliza kama umewahi kupatikana na hatia, jibu ni ndiyo, na unaeleza kwa sentensi mbili. Mwajiri anaweza kumwelewa mtu aliyelipa faini akiwa na miaka ishirini na kitu, ila ukidanganya kwenye fomu halafu ikajulikana, sasa unakuwa na kosa la pili na hili ni la uaminifu, na wewe unataka kukabidhiwa watoto wa watu. Kumbuka pia kile cheti cha polisi cha tabia njema kinaombwa kwa alama za vidole. Ambao njia yao inakuwa ngumu zaidi ni wanaotaka majeshi, matangazo yao huwa yanataka mtu asiye na rekodi ya jinai, na wanaosoma sheria, mana mtu akiomba kuandikishwa uwakili mwenendo wake unaangaliwa.

Kuhusu rufaa, najua kuna mtu ameshakwambia ukate. Ulikiri mwenyewe, kwahiyo kisheria rufaa yako inabaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu, huwezi kwenda kusema hukulewa. Na muda ni mfupi, kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu nia ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe siku 45. Wengine mnaosoma hapa ambao kesi bado, msikiri wala kukana kabla hamjaongea na mtu wa sheria, asiye na hela aulizie msaada wa kisheria, upo kwa mujibu wa sheria ya 2017. Na tarehe ya kesi ikigongana na mtihani usiamue mwenyewe kutokwenda mahakamani, utatolewa hati ya kukamatwa na wadhamini wako wataitwa, iambie mahakama mapema ukiwa na ratiba ya mitihani mkononi.

*Habari za kazi mama. Kijana wangu ana miaka 20 anasoma Ohio, Marekani. Polisi walimkamata anaendesha amekunywa. Wakili aliyepewa kamwambia akubali kosa yaishe. Baba yake anataka arudi likizo tumkalishe chini. Nishauri.*
*— Mama, Manyoni*

Nzuri mama mwenzangu, pole sana. Msimrudishe kwanza! Baba mwambie amkalishe chini kwa simu ya video. Tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya kule inaweza kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa ulevi barabarani ndani ya miaka 5, hata kabla hajahukumiwa. Viza kufutwa kwa kawaida haimaanishi afungashe siku hiyo, mana viza ni ya kuingilia, ila akitoka nje ya Marekani hawezi kurudi mpaka aombe nyingine, na huko anaulizwa kama amewahi kukamatwa na anapelekwa kwa daktari wao kupimwa kama ni mlevi. Muhula unampita akiwa Manyoni.

Asikubali kosa haraka pia. Amuulize wakili wazi wazi, hili litagusaje uhamiaji wangu? Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai lazima amwambie mteja wake mgeni kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Kisha aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake na aone wakili wa uhamiaji, mwaka 2025 wanafunzi wengi wa nje walifutiwa rekodi zao za uanafunzi, wengine kwa makosa madogo ya barabarani, na rekodi nyingi zilirudishwa baada ya watu kwenda mahakamani. Umri wake nao unamuumiza, kule chini ya miaka 21 pombe haruhusiwi kununua na kiwango cha kuendeshea hakizidi asilimia 0.02 ya kilevi kwenye damu wakati mtu mzima karibu majimbo yote ni 0.08. Na kama ana ndoto ya kuhamia Kanada kwa masomo, toka Desemba 2018 Kanada wanalihesabu hili kuwa kosa zito na wanaweza kumzuia kuingia.

*Mi nasoma ufundi naendesha boda jioni nipate ada. Bia mbili nazo kesi?*
*— Dereva, Nkuhungu*

Kesi inaweza kuwa, ndugu yangu. Sheria ya Usalama Barabarani haichagui gari au pikipiki, kiwango ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na hata ukiwa chini ya hapo ukionekana umeshindwa kumudu chombo unashtakiwa. Bia mbili kwa mtu mwembamba ambaye hajala tangu asubuhi si kitu cha kubahatisha, na mvinyo wetu wa zabibu unavyoteleza una kilevi zaidi ya mara mbili ya bia, huyo mwanafunzi hapo juu umemsoma. Supu, kahawa, maji ya baridi havitoi kilevi, ini linatoa taratibu kama kinywaji kimoja kwa saa. Leseni ikifungiwa na boda hupandi, ukipanda ni kosa jingine, na ada yako iko kwenye hiyo leseni. Siku ya kunywa pikipiki ilale nyumbani.