Kabla hujalipa, lala chini ya gari usome giaboksi yote

Juzi dogo mmoja msomaji wangu, yuko Minnesota, kanitumia picha ya sampo (lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi) ya Camaro ya 1969, gari ya Chevrolet, anauliza, "Kaka, muuzaji anasema giaboksi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, nilipe?" Nimekaa na ile picha karibu nusu saa. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu, na limenigharimu.

Mwaka juzi nilinunua Camaro ya 1969 hapahapa Ohio, akiba ya miaka minne ya shifti za usiku. Sikutaka kujionyesha kwa watu. Gari hizi zilikuwa zinaungwa Norwood, yaani ubavuni mwa Cincinnati, kiwanda kikafungwa 1987, na mimi kila nikipita pale nikienda kazini nilikuwa najiambia ipo siku nitakuwa na moja iliyozaliwa hapa na viungo vyake vyote. Muuzaji alikuwa mzee mpole, akanikaribisha kahawa, akasema injini ni yake, giaboksi ni yake, hakuna kilichoguswa.

Nikaingia chini na tochi. Nikahesabu bolti za sampo, 13, kona moja imekatwa, nikajua hii ni Turbo 350, giaboksi ya otomatiki ya Chevrolet, na Turbo 350 ilianza mwaka huohuo wa 1969 kwa hiyo inawezekana kabisa. Namba iliyogongwa kwenye bodi ya giaboksi ilikuwa imefunikwa na grisi, nikafuta kwa kidole, nikaona 1, nikaona N, moyo ukatulia, nikatoka nikalipa.

Miezi saba baadaye sili ya nyuma ikaanza kuvuja, nikaishusha giaboksi, nikaisugua kwa brashi ya waya, namba ikatokea yote. 10N. Yangu ilitakiwa iwe 19N. Ile 1 ya mwanzo ni Chevrolet, N ni Norwood, ya katikati ndiyo mwaka, maana yake giaboksi ilitoka kwenye Chevrolet ya modeli ya 1970, na zile tarakimu sita za mwisho nazo hazikufanana kabisa na za namba ya gari iliyopo kwenye dashibodi. Mke wangu alikuja kuniita kula nikashindwa hata kumjibu. Yule mzee nilimpigia mara nyingi, hakupokea, na mpaka leo nikikumbuka ile kahawa naumia.

Sasa dogo, na nyie wengine wenye ndoto kama yangu, nisikilizeni vizuri. Bolti zinakwambia aina ya giaboksi basi, hazikwambii imezaliwa na gari gani. Kwenye picha yako nimehesabu 14, hiyo ni Powerglide, ya gia mbili, na kwa sababu ni gia mbili tu watu wengi waliing'oa wakaweka Turbo 350, kwa hiyo kuikuta bado ipo ni dalili nzuri, lakini usilipe kwa dalili. Turbo 400 nayo ina bolti 13 kama 350 ila sampo yake haina umbo la kueleweka, na ukikanyaga mafuta mpaka chini yenyewe inashusha gia kwa umeme wakati 350 inavutwa na kebo. Kwa Ford, giaboksi ya C4 ni bolti 11, C6 ni 17, kile kibati cha namba kimeshikwa na bolti tu, fundi akifungua mara moja kinapotea. Chrysler wao namba wamezigonga kwenye ukingo wa bodi pale sampo inapokaa, upande wa dereva.

Magari ya GM (General Motors, wenye Chevrolet) kuanzia 1968 yana sehemu ya namba ya gari kwenye giaboksi yenyewe, herufi na tarakimu tisa. Zisome zote tisa! Safisha kwanza, piga picha, linganisha na ile inayoonekana kwenye kioo cha mbele, moja baada ya nyingine kwa sauti. Muuzaji akikwambia unahangaika nini na grisi, mwambie utasubiri akuletee kitambaa. Hela yako umeitolea jasho, iheshimu, usimwonee mtu aibu kwa sababu ana mvi na anaongea vizuri.

Namba yangu ya kweli nimeiandika kwa chaki ukutani gereji, na kila nikisikia kuna Turbo 350 inauzwa Ohio, Kentucky au Indiana napiga simu, naomba wanisomee zote tisa.