Mvinyo, mnazi na daftari la Nahodha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kuonja mvinyo na marafiki ni burudani ya kweli, au ni maringo ya wenye pesa?" Mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Malindi, na yote mawili nimeyaona. Jibu langu ni kwamba ni burudani, tena kubwa. Maringo huingia pale mmoja anapoijua bei ya chupa na waliobaki wakaogopa kusema wanachosikia mdomoni.

Kazini hayo ni ya kila msimu. Mgeni anazungusha glasi, ananusa, anatazama dari, halafu anatangaza kwamba amesikia harufu ya ngozi na cheri. Meza nzima inaitikia kama waliofundishwa wimbo. Mimi nimesimama na sinia, najiuliza wangapi kati yao wamesikia kitu chochote.

Basi masika iliyopita, hoteli zilipofunga na sisi tukawa na muda mwingi kuliko pesa, tuliamua kuifanya shughuli hiyo wenyewe, kwa utaratibu wetu. Tulichanga. Chupa za Kitaliano hapa si tabu kuzipata. Waitaliano wameizoea Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini kule Ngomeni. Setilaiti yao San Marco 2 iliruka kutoka pale mwezi wa Aprili 1967. Wahandisi walifuatwa na wenye hoteli, wapishi na wastaafu, na siku hizi jibini na Chianti, mvinyo wao mwekundu, vinakaa rafu moja na unga wa sima. Tukanunua Chianti, tukanunua Prosecco, ule mweupe wa mapovu. Ya tatu ilikuwa mvinyo mwekundu wa Dodoma, alioubeba rafiki yetu mwalimu alipotoka kumtazama dada yake aliyeolewa Tanzania. Dodoma, kwa wasiojua, mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, maana hakuna baridi kali ya kuilaza miti kama Ulaya.

Sharti letu lilikuwa moja: asijue mtu anakunywa nini. Chupa zilifungwa leso kutoka shingoni hadi kitako, zikapewa namba. Wazo hilo si letu. Mwaka 1976 kule Paris, waonjaji Wafaransa wenye majina makubwa walipewa mvinyo wa kwao na wa California bila kuonyeshwa chupa, wakatoa alama, na ilipofunuliwa, wa California ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Mimi kisa hicho nilisimuliwa na mgeni Mfaransa, na miaka yote hiyo baadaye bado kilikuwa kinamkera.

Sasa, daftari lishikwe na nani? Tunaye mwenzetu tunayemwita Nahodha, Mswahili wa Shela ya hapa hapa Malindi, ambaye hanywi na wala hatujawahi kumshawishi. Huyo ndiye aliyefaa. Chupa hakuzigusa, lakini orodha ya siri ilikuwa kwake, na kila tuliposema neno aliliandika, kisha analisoma kwa sauti ya kadhi anayetoa hukumu. Yeye alikuwa na madafu yake na jagi la maji ya ukwaju, navyo akavipa alama. Ukwaju ulipata tisa. Madafu yalipata sita, kwa sababu, alisema, aliyeyaangua alikuwa na haraka na hakungoja yafike.

Namba moja ilikuwa na mapovu, kwa hiyo leso haikuficha kitu. Prosecco ilijulikana kabla haijafika mdomoni. Shoga yangu mmoja akasema inamkumbusha soda ya tufaha iliyopunguzwa sukari, tukacheka, lakini hakukosea sana: tufaha la kijani na peasi ndivyo wanavyoisifia wenyewe wanaoitengeneza. Namba mbili ndiyo iliyozua ubishi. Ilikausha ulimi. Kila mtu akakunja uso, mpaka wifi yangu, ambaye kwao Kilifi wana mikorosho, akasema, "Hili ni bibo! Bibo lisiloiva!" Kimya kidogo, halafu wote tukakubali. Ule ukakasi wa bibo, tunda la mkorosho, ndio wenyewe. Katika mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, ambako ndiko inakotoka na rangi. Zabibu nyekundu ukizikamua na maganda ukayatoa mapema, unaweza kupata mvinyo mweupe. Hilo nililijua kwa kusikia kazini, lakini ni bibo la wifi lililonifanya nilielewe. Wageni wangu na cheri zao sikuwaonea tena kinyongo. Wanataja walichokula utotoni, nasi tutaje chetu.

Namba tatu ilikuwa na utamu, na waliokunywa mvinyo kwa mara ya kwanza waliipenda papo hapo. Nahodha akaandika: "Tatu inaongoza."

Hapo chakula kilikuwa hakijaja. Kilipokuja, daftari likavurugika. Mishikaki ya ng'ombe yenye mafuta yake ililainisha namba mbili kabisa. Ukakasi ulipata nyama ya kung'ang'ania ukauacha ulimi, na waliokuwa wameikataa wakaanza kuomba tena. Samaki wa kupaka alifanya kinyume. Pilipili iliuamsha ule ukali, tui likawa kama limegombana na mvinyo, na mwalimu akasema afadhali anywe maji. Viazi karai na namba moja ndio waliotushangaza: mapovu na uchachu vikasafisha mafuta, kinywa kikawa tayari kwa kiazi kingine, halafu kingine. Kama kuna msomaji atakayejaribu jambo moja tu katika haya, ajaribu hilo. Viazi karai vya moto, ndimu, na Prosecco iliyopoa sawasawa.

Na kupoa ni lazima, nawaambieni. Vitabu vya mvinyo husema mwekundu unywewe kwa nyuzi 16 hadi 18, wakaita hilo joto la chumbani. Chumba cha nani? Malindi hata usiku wa manane katika mwezi wa baridi joto halishuki hadi hapo. Tuliuweka mwekundu kwenye friji kama nusu saa, na ulikuwa mzuri zaidi. Bila hivyo unasikia kileo peke yake kikipanda puani.

Leso zilipofunguliwa, namba mbili ilikuwa Chianti na tatu ni Dodoma. Mwalimu aliruka kwa furaha kama aliyeulima yeye. Wifi hakubadilisha kura yake ya Chianti hata alipoonyeshwa chupa ya jirani zetu. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Siku yetu haikuishia barazani. Jioni tulipanda tuktuk (hakuna aliyegusa usukani siku hiyo, hilo tulikubaliana mapema) tukaenda upande wa Ganda kwa mjomba wangu, ambaye ni mgema. Nilimbebea Chianti kidogo iliyobaki, nikitaka kusikia atasema nini mtu aliyeonja maisha yake yote.

Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anateremka. Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo: mgema hukata ncha ya karara la mnazi, ile ala inayofunika maua, kabla halijafunguka, hulifunga lisipasuke, akaning'iniza chombo, na kila apandapo hukata tena kipande chembamba kwa kotama, kisu chake, ili tembo, yaani pombe ya mnazi, liendelee kutona. Hupanda asubuhi na jioni, pengine na mchana. Karara linalogemwa halitoi nazi, kwa hiyo kila mnazi wa tembo ni hesabu ya mwenye shamba. Kinachotona ni kitamu kama maji ya sukari, lakini hamira iliyo hewani na chomboni haingoji. Saa mbili baada ya kugemwa, kileo kinaweza kufika asilimia 4. Kesho yake kimekuwa kikali na kichachu. Ukizidi kukiacha, una siki.

Alitutandikia mkeka, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wazee, akatuletea mboko (kibuyu cha kunywea) moja ya tembo la mchana na nyingine la jioni ile ile, kila moja na mrija wake wenye kichujio mwishoni, tusimeze nyuki. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko kati ya Chianti na Dodoma. La jioni lilikuwa na utamu na ute kidogo, na harufu ya hamira ya mahamri. La mchana lilichoma, likawa na ukavu mwishoni. Miti ile ile, mgema yule yule, siku ile ile. Mvinyo huhesabu umri wake kwa miaka. Mnazi huhesabu kwa saa, na mjomba anazijua zote. Nilimfanyia mtihani: nikachanganya mboko nyuma ya mgongo wangu. Alinusa tu, hakunywa hata tone, akazitaja moja baada ya nyingine.

Mwalimu, aliyekuwa amejizoesha kutema tangu asubuhi kama wafanyavyo waonjaji wa kazi, akatema na pale. Mjomba akaniinamia akaniuliza, "Mwanangu, huyu mgeni anaumwa?" Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyofanya huko, wasilewe kabla ya chupa ya mwisho. Akatafakari. Akasema hiyo ni akili, ila watemee mbali na mkeka.

Zamu ya Chianti ikafika. Akainusa muda mrefu, akanywa, akaitembeza mdomoni bila kufundishwa na mtu. "Hii imelala sana," akasema. Kwake hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikamwambia Waitaliano wengine huilaza makusudi, miaka na miaka. Hakuniamini, na kusema kweli hakukosea sana, kwa sababu sehemu kubwa ya mvinyo duniani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ule wa kuzeeka ni wachache.

Gharama? Tulichochanga kila mmoja hakikufika bei ya chakula cha jioni katika hoteli ninayofanyia kazi. Kila aliyekuja alipata vidole viwili vya glasi kwa kila chupa, maji mengi, na chakula cha kutosha.

Nahodha ameshatoa ombi rasmi. Msimu wa maembe ukifika anataka shindano ambalo na yeye atafungwa kitambaa machoni: ngowe, boribo na apple, zimenywe zote, zikatwe sawa, na daftari apewe wifi. Mwalimu anasema ngowe itashinda. Wifi anasema boribo, na hajaona haja ya kungoja maembe yenyewe.