Maswali ya Wasomaji: Neno Moja Halitoshi kwa Waliofukuzwa Hispania

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Ninatafsiri kutoka Kihispania kwenda Kiingereza, na hivi karibuni nilipewa nyaraka tatu za kifalme: ya mwaka 1492 juu ya Wayahudi, ya mwaka 1609 juu ya Wamorisko, yaani Wakristo wenye asili ya Kiislamu, na ya mwaka 1767 juu ya Wayesuiti, watawa wa Kikatoliki. Katika hiyo ya mwisho, neno "extrañamiento" nililiandika "estrangement", na mteja akanirudishia kazi. Je, nikitumia "exile" katika nyaraka zote tatu nitakuwa nimekosea? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, mteja wako alikuwa na sababu ya kuirudisha kazi, lakini "exile" nayo haitakuvusha salama katika nyaraka zote.

Neno "extrañamiento" limetokana na "extraño", yaani mgeni, na maana yake kisheria ni kumfanya mtu kuwa mgeni katika nchi aliyokuwa mwenyeji wake, kwa kumtoa nje ya mipaka. "Estrangement" katika Kiingereza cha leo humpeleka msomaji kwa mume na mke waliochokana, au kwa ndugu wasiosalimiana. Andika "banishment", na ukishaichagua usiibadilishe katikati ya waraka. Usilichanganye pia na "destierro", ambalo katika sheria za adhabu za Hispania za karne ya 19 lilikuwa adhabu nyepesi zaidi: aliyehukumiwa alikatazwa kuingia mahali palipotajwa na eneo la kando yake, lakini aliweza kubaki ndani ya nchi.

Kwa kuwa waraka huo wa mwaka 1767, wa mfalme Carlos wa Tatu, bado uko mezani kwako, ukague upya kichwa chake chote, maana karibu kila neno lina mtego. "Regulares" ni watawa wanaoishi chini ya kanuni ya shirika lao, kwa hiyo "regular" peke yake itapotosha. "Compañía" hapa ni shirika lenyewe la Wayesuiti, haina uhusiano na biashara. Kwa Kiingereza shirika hilo huitwa "Society of Jesus". "Ocupación de sus temporalidades" inahusu mfalme kutwaa nyumba, mashamba na mapato ya watawa hao, nami ningeandika "seizure of their temporalities". Uhakikishe neno hilo la mwisho linabaki katika wingi, kwa sababu katika wingi ni istilahi halisi ya mali za kanisa, na katika umoja ni neno la wanafalsafa wanaojadili wakati.

"Exile" ina mahali pake, napo ni katika maisha yanayofuata baada ya amri. Francisco Javier Clavijero, Myesuiti mzaliwa wa Meksiko, aliondolewa pamoja na wenzake mwaka 1767, akaishia Bologna, ambako aliandika historia ya Meksiko ya kale iliyochapishwa kwa Kiitalia mwaka 1780 na 1781, na akafia huko mwaka 1787. Amri ya mfalme ilikuwa "banishment". Miaka ishirini ya Clavijero ugenini ndiyo "exile". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaitambua hali hii katika uhamisho wa Babeli, ambao ni jina la maisha ya watu waliokwisha kuchukuliwa.

Waraka wa mwaka 1492, uliotiwa sahihi Granada tarehe 31 Machi na kuwapa Wayahudi muda hadi mwisho wa Julai, unataka uangalifu wa namna nyingine. Historia imeuita waraka wa kufukuza, lakini kitenzi kinachoubeba ni "mandar salir", kuamuru watoke, nawe ukiandika "expel" kila mahali utakuwa umeweka lugha ya wanahistoria katika kinywa cha wafalme. Andika "order to leave" panapostahili, uiache "expulsion" kwa ajili ya utangulizi na maelezo. Tazama pia maneno "que jamás tornen ni vuelvan a ellos". Vitenzi ni viwili na maana ni moja, kama sisi tunavyosema wasirudi wala wasirejee, na kuvirudufu huko ndiko kunakoufunga mlango kabisa. Watafsiri wengi hukipunguza kimoja kwa kuona kimezidi. Naomba uviache vyote viwili.

Kwa Wamorisko, shida kubwa iko katika jina la watu wenyewe. Usiwaite "Muslims" wala "Moors". Walikuwa watu waliobatizwa, wengi wao wazawa wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa mwanzoni mwa karne ya 16, na mbele ya sheria ya Hispania walihesabiwa kuwa Wakristo. Watu wapatao laki tatu waliondolewa kati ya mwaka 1609 na 1614, na ukiwaita Waislamu tu, msomaji hatajua kwamba mfalme Mkatoliki alikuwa akiwatoa watu ambao kanisa lake mwenyewe liliwabatiza. "Moriscos" inatosha, pamoja na maelezo mafupi mara ya kwanza. Nalo "bando", lililosomwa Valencia tarehe 22 Septemba 1609 na kuwapa siku tatu, ni tangazo la mbiu, hivyo "proclamation" inalifaa.

SWALI: Mhariri, katika orodha ya Mahakama ya Kuhukumu Wazushi nimekuta mtu ameandikwa "relajado en estatua". Nini maana yake, na kwa Kiingereza niandikeje? Msomaji, Kampala.

JIBU: "Relajado" ni mtu aliyekabidhiwa na mahakama hiyo kwa mamlaka ya dola ili achomwe moto, kwa kuwa watu wa kanisa hawakutakiwa kumwaga damu wenyewe. "En estatua" huonyesha kwamba kilichochomwa ni sanamu yake, ama kwa sababu alikwisha kufa, ama kwa sababu alikimbilia nje ya nchi. Wanahistoria huandika "relaxed in effigy", lakini kwa wasomaji wa kawaida andika "burned in effigy", na kama orodha inasema alikuwa "ausente", ongeza kwamba mwenyewe alikuwa ametoroka, la sivyo watadhani alilegezewa adhabu.