Mtambo Upi kwa Udongo Upi? Maswali ya Wanaojenga Dar

Maswali ya safari hii yametoka Mbweni hadi Kigamboni. Wengi wanauliza mtambo upi wa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi ili kupima udongo kabla ya kujenga, unafika chini haraka. Sisi tunajali zaidi unatoa nini ukishafika huko, na majibu yetu karibu yote yameegemea hapo.

Nina kiwanja Mbweni, nataka kujenga ghorofa mbili. Jamaa aliyemchimbia jirani kisima anasema atanipimia udongo kwa mtambo uleule: mita 30 siku moja, na bei ni poa. Nimkubalie?

Usimkubalie kwanza. Si kwamba hajui kazi yake, ila kazi yake ni maji. Mtambo wa kisima unaotumia upepo una nyundo inayosaga chini ya shimo, na kompresa inapuliza kilichosagwa hadi juu. Udongo unaorushwa pale mdomoni umechanganyika: wa mita 12 umekwangua ukuta wa mita 5 njiani, na ule laini kabisa umeshageuka tope. Tabaka la mfinyanzi laini lenye sentimita 40, ambalo ndilo litakalokuzamishia kona ya nyumba, linapitwa kwa sekunde chache na hakuna anayeliona. Upepo huohuo hulegeza mchanga wa pembeni, kwa hiyo hata ukitaka kupima nguvu yake baadaye, unapima kitu ulichokwisha kukiharibu.

Kama mtambo wake ni wa kuzungusha kwa tope la bentonaiti (udongo unaovimba majini na kushikilia ukuta wa shimo), hapo mna la kuzungumza. Muulize mambo matatu. Anaweza kusimama kila mita 1.5, atoe fimbo, ashushe bomba la SPT (kipimo cha kugonga bomba kwa nyundo na kuhesabu mapigo)? Ana nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka milimita 760, au ana chuma chochote kizito? Na nani atakaa pale na daftari kuandika kila tabaka? Akibabaika kwenye la tatu, mwache achimbe visima.

Hata hivyo kumbukumbu za kisima cha jirani usizitupe. Muombe akuambie alikuta jiwe mita ngapi na maji mita ngapi. Ni dokezo zuri la kupangia mashimo yako, lakini msingi hauchorwi kwa dokezo.

Tunachoronga kwa tripodi ya kugonga karibu na bonde la Msimbazi. Shimo la kwanza, mita 7.5, SPT imetoa 4. Shimo la pili, hatua kumi tu pembeni, kina kilekile, mchanga uleule, imetoa 17. Mshauri anasema tumebuni namba. Kosa liko wapi?

Huenda hakuna aliyebuni. Tunaitilia shaka ile 4, na mshukiwa wa kwanza ni maji.

Fikiria hali ilivyo. Nje ya kesingi (bomba la chuma linaloshikilia ukuta wa shimo) maji yapo mita moja tu chini ya uso wa ardhi. Ndani ya kesingi mmekuwa mkishusha ndoo ya bomba, ile yenye kilango chini, inagonga, inajaa mchanga na maji, mnaivuta juu. Kila inapotoka, maji ya ndani yanashuka. Maji ya nje hayakubali. Yanatafuta njia ya kusawazisha, na njia pekee ni kupita chini ya mdomo wa kesingi, yakibeba mchanga. Mchanga unachemka na kupanda ndani ya bomba. Mkishusha SPT mnagonga mchanga uliojipanga upya dakika tano zilizopita.

Dalili yake ni rahisi kuikamata, ila watu hawaipimi. Kabla ya pigo la kwanza, hesabu urefu wa fimbo zilizoingia. Mmechoronga hadi mita 7.5 lakini fimbo zinakaa mita 7.1? Sentimita 40 hizo ni mchanga ulioingia, na kipimo hicho hakifai. Safisha, rudia, na andika kwenye logi, yaani daftari la shimo, kwamba mchanga ulipanda.

Kuzuia ni hivi: jazeni kesingi maji hadi yazidi usawa wa maji ya ardhini, na yabaki hivyo muda wote, hasa mnapovuta ndoo. Ndoo ivutwe taratibu, maana ikivutwa kwa pupa inafyonza kama bomba la sindano. Kipenyo chake kisizidi asilimia 90 ya kipenyo cha ndani cha kesingi, ili maji yapate pa kupita pembeni. Na kesingi isitangulie chini ya kina cha kipimo, kwa sababu SPT iliyopigwa ndani ya bomba la chuma huja na namba kubwa isiyo ya kweli. Angalieni kama hilo ndilo lililoizalisha 17.

Mshukiwa wa pili ni nyundo. Kama mnavuta kwa kamba iliyozungushwa kwenye ngoma, mizunguko ikizidi miwili kamba hukaba, nyundo inashuka imeshikiliwa, na namba inapanda. Ndiyo maana wahandisi husawazisha namba kwa nishati ya asilimia 60 ya ile ambayo nyundo ingetoa ikidondoka bila kushikiliwa: ukipata 20 kwa nyundo inayofikisha asilimia 45 tu, namba ya kutumia ni 15. Nyundo inayojiachia yenyewe inapunguza ugomvi huu. Hakikisheni pia hamjumlishi sentimita 15 za kwanza. Mapigo 2, 3, 3 yanatoa N (mapigo ya sentimita 30 za mwisho) ya 6, si 8.

Mwisho, ikumbukwe kwamba bonde la Msimbazi limejengwa na mto unaohamahama. Mfereji wa zamani uliojaa mchanga unaweza kupakana na tope gumu ndani ya hatua hizohizo kumi. Chorongeni shimo la tatu katikati, maji yakiwa juu ndani ya kesingi, ndipo mbishane na mshauri.

Masaki, jengo la ghorofa nane. Mchorongaji amefika mita 4, SPT imegonga mara 50 haishuki, ameandika "mwamba" na kufungasha. Inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Mapigo 50 yanasema tu kwamba kijiko, yaani lile bomba la SPT, kimegoma. Kinaweza kugoma kwenye kokoto moja, kwenye mchanga ulioshikana, au kwenye ganda la tumbawe lenye unene wa mita moja na mchanga laini chini yake. Ukanda wa Masaki, Oysterbay na Msasani una jiwe la chokaa la matumbawe, na chokaa huliwa na maji: ndani kuna matundu, mengine matupu, mengine yamejaa mchanga.

Hapo unahitaji mtambo wa kuzungusha wenye bomba la mche wa jiwe (jiwe refu la mviringo linalokatwa na kutolewa zima), lenye tabaka mbili au tatu. Bomba la ndani halizunguki, kwa hiyo jiwe dhaifu halisagwi. Chagua kipenyo kikubwa: mche wa saizi ya HQ una milimita 63.5, wa NQ 47.6, na kwenye tumbawe linalomong'onyoka tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata jiwe au utapata chenga. Shinikizo la maji lipunguzwe, la sivyo linaosha mchanga uliokuwa ukishikilia vipande. Sisi tungeshuka mita 5 ndani ya mwamba chini ya kina cha msingi, na tukikuta tundu tunaendelea hadi tupate mita hizo mfululizo.

Mwambie msimamizi aangalie mambo mawili wakati mtambo unazunguka. Maji ya kurudi yakipotea ghafla, aandike kina. Fimbo zikidondoka zenyewe, aandike zimedondoka kutoka wapi hadi wapi. Kisha hesabu ya kila mara bomba linapovutwa juu: umechoronga mita 1.5, umepata mche wa mita 1.05, urejeshaji ni asilimia 70. Vipande vyenye sentimita 10 au zaidi vikijumlishwa vikafika mita 0.45, RQD (kipimo cha ubora wa mwamba) ni asilimia 30. Sehemu iliyokosekana iwekewe kipande cha mbao ndani ya sanduku, chenye kina juu yake. Ukiona sanduku limepangwa likajaa vizuri bila pengo, na urejeshaji ni asilimia 70, uliza nani amesogeza mawe.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Kwenye kuchoronga kwa maji ya shinikizo, naweza kuchukua udongo unaotuama kwenye pipa nikaupeleka maabara?

Marahaba. Hapana. Chembe laini zimeelea na kumwagika, nzito zimetuama, na zote zimechelewa kufika juu. Chujio zako zitakuambia habari za pipa. Rangi ya maji ikibadilika, ichukulie kama kengele: simamisha pampu, ngoja maji yasafike, shusha SPT au mrija (bomba la kutolea sampuli ya udongo) upate udongo wa kweli.

Tumetoa mirija minne ya mfinyanzi Mbagala. Maabara wanasema imekauka na imepasuka, matokeo hayaaminiki. Tuliipeleka siku ya tatu, tena tuliifunga na nailoni.

Nailoni peke yake haizuii unyevu, na siku tatu juani ndani ya bomba la chuma ni kama kuweka chungu jikoni. Mrija ukitoka shimoni, kwangua udongo uliolegea pande zote mbili, mimina nta iliyoyeyuka kwa tabaka kadhaa nyembamba (nta ya moto kupita kiasi huingia kwenye udongo), jaza nafasi iliyobaki kwa maranda yenye unyevu, ndipo ufunge kifuniko. Andika juu na chini, namba ya shimo, kina na tarehe kwenye mrija wenyewe, maana kifuniko huhamishika. Uwekwe kivulini, umesimama kama ulivyokuwa ardhini.

Usafiri ndio unaoua sampuli nyingi. Mirija iliyolazwa nyuma ya kirikuu, ikigongana kwenye kila tuta, inafika imesukwasukwa. Tengenezeni kreti yenye matundu, chini sponji, mirija isimame.

Jambo moja zaidi: ulitumia mrija gani? Mrija mnene wa milimita 100 unasukuma udongo mwingi unapoingia; eneo la chuma chake ni karibu asilimia 30 ya eneo la sampuli. Kwa mfinyanzi laini tumia mrija mwembamba, chini ya asilimia 15, usukumwe polepole bila kugongwa. Kijiko cha SPT chenyewe kinazidi asilimia 100, kwa hiyo udongo wake ni wa kutazama, kupima unyevu na kuainisha tu. Akikuletea mtu kipimo cha mgandamizo kutoka kwenye kijiko hicho, mrudishie.

Kigamboni. Ripoti inasema maji yapo mita 3.2. Tumechimba msingi mita 2, tumeogelea.

Angalia ripoti ilipima lini. Kama ni jioni ileile ya kuchoronga, namba hiyo haina maana. Kwenye mfinyanzi maji huchukua siku kadhaa kupanda, na tope la bentonaiti hufunga ukuta kabisa. Dawa ni bomba la plastiki lenye matundu, limezungushiwa kokoto ndogo chini na kuzibwa kwa bentonaiti juu, lisomwe kwa siku kadhaa. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, lisomwe maji kujaa na maji kupwa, na angalau mara moja wakati wa bamvua. Kama lilisomwa Septemba, kumbukeni masika bado.

Goba, nyumba ya chini tu. Shimo la mkono halitoshi?

Mara nyingi linatosha, tena unaona ukuta mzima kwa macho, jambo ambalo mtambo haukupi. Chimba pembeni ya mstari wa msingi, usichimbe juu yake. Kupita mita 1.2 asiingie mtu bila mbao za kushikilia kuta, na udongo uliotolewa urundikwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Chini ya hapo endelea na oga ya mkono (keekee ya kutoboa udongo) hadi mita 3 au 4, kama hakuna kokoto wala maji. Ukikuta udongo mweusi unaopasuka kiangazi, simama uite mhandisi.

Ghorofa nne Sinza, mashimo mangapi na kina gani? Makampuni matatu yametupa bei ambazo hazifanani kabisa.

Kwa majengo ya ghorofa, mwongozo wa Ulaya, Eurocode 7, unataka mashimo yaachane mita 15 hadi 40. Kwa kiwanja cha kawaida cha Sinza tungeweka matatu, yasiwe kwenye mstari mmoja. Kina huhesabiwa kuanzia chini ya msingi: misingi ya nguzo moja moja, mara tatu ya upana wake na si chini ya mita 6, msingi wa zege la jumla (bamba moja chini ya jengo zima), mara 1.5 ya upana wa jengo. Paili (nguzo ndefu zinazozamishwa ardhini), angalau mita 5 chini ya ncha zake.

Bei hazifanani kwa sababu hamkuuliza kitu kimoja. Anayelipwa kwa mita peke yake atakimbilia chini, kwani kila SPT inamchelewesha bila malipo. Rudini kwao na orodha iliyotenganishwa: kuleta na kusimika mtambo, mita za udongo, mita za mwamba, kila SPT, kila mrija, bomba la kusomea maji, na saa za mtambo kusimama. Mkiipata, mtaona mara moja ni nani aliyeweka SPT nne kwenye shimo la mita 20.